Muulize Shangazi wa Santuri: Sepultura walianzaje?

Toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba Sepultura, bendi ya Brazil ya metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, walianza mwaka 2024 ziara ya kuwaaga mashabiki baada ya miaka 40 ya kazi. Sikutegemea mstari ule ungeleta barua nyingi hivi. Walioniuliza habari za rumba na mchiriku wanivumilie hadi mwezi ujao. Safari hii nafasi yote nimewapa vijana wa Belo Horizonte, na hasa miaka yao ya mwanzo, kwa kuwa ndiyo mliyoiulizia, nami ndiyo ninayoipenda kuliko yote iliyofuata.

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mdogo wangu tuna bendi, tunapiga thrashi, ile metali ya kasi. Tuna magitaa mawili, moja la kuazima. Mdogo wangu anapiga ndoo na masinia kwa sababu dramu hatuna. Mtaani wanatucheka. Nimesikia Sepultura nao walianza ndugu wawili, vyombo hawana. Ni kweli, au ni maneno ya kutiana moyo?*
*Mpiga gitaa, Nyegezi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na nitakusimulia kwa urefu, kwa sababu kisa hiki watu hukifupisha mpaka kinabaki "walikuwa maskini, wakatajirika", na sivyo kilivyokuwa.

Max Cavalera alizaliwa Agosti 1969, mdogo wake Igor akafuata Septemba 1970, wote Belo Horizonte. Huo ni mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, uko bara, umezungukwa na milima yenye madini ya chuma. Ile Brazil ya ufukwe wa Rio unayoiona kwenye kalenda, pale haipo. Baba yao, Graziano, alikuwa Mwitaliano aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Italia; mama yao, Vânia, alikuwa mwanamitindo. Kwa hiyo walizaliwa kwenye nyumba yenye nafasi. Halafu baba akafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, watoto wangali wadogo, na ile nafasi ikaondoka naye. Max amelisema jambo hili mara nyingi katika mahojiano: hasira aliyoipeleka kwenye gitaa ilianzia kwenye kifo kile. Namwamini. Mtoto aliyezaliwa hana kitu huzoea. Anayekipoteza akiwa na akili yake anakumbuka ladha yake.

Bendi waliianzisha mwaka 1984. Max ana miaka 15, Igor 14. Jina walilipata kwenye wimbo wa Motörhead, bendi ya Uingereza, unaozungumzia kucheza juu ya kaburi, ambao Max alikuwa akiutafsiri kwa Kireno.

Sasa vyombo. Miaka ile serikali ya Brazil ilibana sana bidhaa za nje ili kulinda viwanda vya ndani, na gitaa la Marekani au la Japani lilikuwa ghali mno kwa kijana wa shule. Sisi tuliokuwa na akili zetu hapa Tanzania mwaka huohuo wa 1984 hatuhitaji maelezo marefu. Tulipanga foleni za sabuni, sembuse gitaa. Igor alianza bila seti kamili ya dramu na akapiga alichokuwa nacho. Mazoezi yao yalikuwa Santa Tereza, mtaa wa zamani ambao tayari ulikuwa na jina katika muziki, maana ndiko mwimbaji Milton Nascimento na wenzake walikokuwa wakikutana. Fikiria majirani waliozoea sauti laini za magitaa ya akina Milton, halafu usiku mmoja wanawasikia watoto hawa.

Mwanangu, kuhusu ndoo nikuambie kitu cha kazi. Ndoo inafundisha mikono, mguu haiufundishi. Thrashi inasimama kwenye mguu: ile dramu kubwa ya chini inayokimbizana na gitaa la rithimu, pigo kwa pigo. Mdogo wako akikaa mwaka mzima kwenye ndoo bila pedali, siku mkipata dramu mguu wake utakuwa wa mtoto mchanga. Tafuteni pedali hata kuukuu, pigeni boksi la mbao, lijazeni matambara, mfunge pedali mbele yake. Litatoa mlio mzito wa kutosha. Wanaowacheka wataendelea kucheka, na nyinyi endeleeni.

*Shangazi, nimesikiliza rekodi mbili za kwanza za Sepultura, Bestial Devastation na Morbid Visions, mwanzo hadi mwisho. Sauti imejaa vumbi, magitaa hayako sawa, Kiingereza hakieleweki. Wewe ulikuwa fundi mitambo. Ungewaruhusu watoke studio namna hiyo?*
*Msikilizaji mkali, Eastleigh, Nairobi*

Swali zuri, na ulivyoeleza ndivyo kulivyo. Acha nikuelezee kwa nini kuko hivyo.

Belo Horizonte kulikuwa na duka la santuri linaloitwa Cogumelo, la mume na mke, lililofunguliwa mwaka 1980. Vijana wa metali walishinda pale. Waliokuwa na fedha walinunua, wasio nazo walisimama wakasikiliza, na mwenye duka hakuwafukuza. Mwaka 1985 wale wenye duka wakaamua kutoa santuri wao wenyewe. Kazi yao ya kwanza ilikuwa santuri moja ya bendi mbili: upande mmoja Overdose, bendi ya mji huohuo iliyokuwa imekomaa zaidi, na upande wa pili Sepultura na Bestial Devastation. Iliingia madukani Desemba 1985.

Sepultura walirekodi upande wao kwa siku mbili. Nimefanya kazi studio miaka mingi, nimewarekodi watu wa dansi na wa taarabu, na najua siku mbili maana yake nini. Saa ya studio inalipiwa, na kila anayekosea anakula fedha ya wenzake. Asubuhi yote ya kwanza inakwisha kwenye dramu, kuweka vipaza sauti na kusikilizia ngozi. Mchana bendi inapiga pamoja. Siku ya pili ni sauti na solo, na jioni unachanganya ukiwa umechoka, masikio yameshakufa. Bendi ya watu wazima waliopiga hotelini miaka 10 inaweza kutoka na kitu safi kwa siku mbili. Hawa walikuwa watoto wa miaka 15 na 16 ambao hawajawahi kuingia studio, na mafundi wao hawakuwa wamewahi kurekodi muziki wa kasi ile. Fundi asiyeijua thrashi humwona mpiga gitaa anaunguruma, akadhani mashine imeharibika, akapunguza. Au huongeza mwangwi kwenye sauti ya mwimbaji ili kufunika makosa, na mwangwi mwingi katika muziki wa kasi unageuka ukungu. Ndiyo vumbi lako hilo.

Habari ya magitaa Max mwenyewe ameikiri: kwenye Morbid Visions, ya Novemba 1986, hawakuyatuni. Na Kiingereza, basi, hawakukijua. Max aliandika maneno kwa Kireno akampa rafiki yake ayatafsiri, kisha akayaimba jinsi alivyoyaona yameandikwa.

Ningewaruhusu? Gitaa ningelishika mwenyewe nikalituni, hilo halina mjadala, lingechukua dakika tatu. Mengine yote ningeyaacha. Sikiliza "Troops of Doom" kwenye Morbid Visions. Ule mwendo wa gitaa unaofungua wimbo unajua unakokwenda. Mikono haijakomaa, lakini masikio yameshakomaa, na hilo fundi hawezi kumtengenezea mtu. Nimewaona wengi wenye mikono mizuri wasiokuwa nalo.

Halafu kuna jambo linalonigusa zaidi ya yote katika habari hii, nalo ni lile duka. Cogumelo hawakusubiri Sepultura wawe wazuri. Waliwatoa wakiwa hivyo walivyo, mwaka uliofuata wakawatoa tena, mwaka uliofuata tena. Bestial Devastation 1985, Morbid Visions 1986, Schizophrenia 1987. Katika miaka hiyohiyo wakatoa pia mkusanyiko wa Warfare Noise, wenye Sarcófago, Mutilator, Chakal na Holocausto, vijana wote wa mji mmoja. Msanii anakua kwa kusikia makosa yake yakiwa yameshachapwa, hayawezi kufutwa, na watu wameyanunua. Hapa kwetu nimeona vijana wenye vipaji wakirekodi wimbo mmoja, wakaulizwa "unachezwa redioni?", na usipochezwa mlango ukafungwa. Inaniuma hadi leo, na ndiyo sababu ninaandika safu hii.

*Mwimbaji wa kwanza wa Sepultura alikuwa nani? Tumebishana kijiweni.*
*Wa kijiweni, Morogoro*

Wagner Lamounier. Alitoka mwaka 1985 kabla ya ile santuri ya kwanza, Max akachukua uimbaji juu ya gitaa. Hata hivyo maneno ya wimbo "Antichrist" uliomo humo ni ya Wagner. Yeye akaenda kuiongoza Sarcófago, na albamu yao ya mwaka 1987 imewalea watu wengi wa metali kali duniani. Baadaye akawa mhadhiri wa chuo kikuu. Aliyesema Max ndiye aliyeanza kuimba amekosa, awanunulie wenzake kahawa.

*Mwandishi mpendwa, mimi ni mama wa kijana wa kidato cha tatu, nasi ni Wakatoliki. Nimeona kwenye simu yake jalada la Morbid Visions, picha ya kusulubiwa, imechorwa kwa kebehi. Nikimsemesha hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Padri wetu anasema nimnyang'anye simu. Wewe unayeujua muziki huu, niambie ukweli. Je, mwanangu anapotea?*
*Mama, Songea*

Dada yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kunyang'anya.

Nianze na lililo wazi: lile jalada silipendi. Mimi ni Mwislamu, na picha ile inanikera vilevile, kwa sababu ilitengenezwa makusudi kumuumiza anayeamini. Sitakuambia ni sanaa tu, ukubali. Una haki ya kuikasirikia, na mwanao anapaswa kujua imekukasirisha na kwa nini.

Lakini ujue pia walioitoa ni akina nani. Minas Gerais ni nchi ya makanisa, yale ya zamani ya enzi ya dhahabu, yenye madhabahu zilizopakwa dhahabu na watakatifu waliochongwa kwa mbao. Watoto wale walilelewa katikati ya hayo. Max ameeleza kwamba yeye alibatizwa Vatikani. Brazil ilikuwa imetawaliwa na wanajeshi tangu 1964, na raia walikuja kushika urais mwaka 1985, mwaka uleule wa santuri yao ya kwanza. Kijana wa miaka 16 aliyetaka kuukasirikia ulimwengu wa wakubwa alikuwa na vitu viwili vikubwa mbele yake, jeshi na kanisa. Mashetani yale wala hawakuyabuni wao. Waliyachukua kwa Venom, bendi ya Uingereza waliyoipenda sana, wakayavaa kama vijana wanavyovaa shati la timu.

Na waliyavua mapema. Albamu ya 1987 imeshaacha kuzimu na kuingia katika akili ya mtu inayovurugika. Ya 1989 inazungumzia vita, umati unaofuata bila kufikiri, mtu anayekataa kufinyangwa na wengine. Zilizofuata zinasema juu ya polisi, wafungwa na watu wa asili wa Brazil walionyang'anywa ardhi. Ni njia ndefu kwa watu walewale, na waliitembea mbele ya macho ya kila mtu.

Ningekuwa wewe, simu ningemwachia. Ningekaa naye jioni moja nimwambie: mwanangu, nitafsirie "Inner Self", wimbo wa albamu ile ya 1989, mstari kwa mstari, nataka kujua unachosikia. Kiingereza chake cha kidato cha tatu kitatosha. Akishindwa kukueleza, utajua anafuata kelele tu na itapita. Akikueleza, utakuwa umejua kinachomsumbua moyoni, na kwa kinywa chake mwenyewe. Padri wako msalimie. Namheshimu, ila katika hili sikubaliani naye.

*Habari Shangazi. Napiga solo hapa Bukavu. Rafiki yangu anasema Sepultura ya kweli ni ile ya Jairo, mimi nasema ni ya Andreas. Amua.*
*Mpiga solo, Bukavu*

Nzuri, mwanangu. Nitaamua, nawe uyapokee yote mawili.

Jairo Guedz ndiye anayepiga solo kwenye rekodi mbili za kwanza. Mkono wake ni wa kishenzi kwa maana nzuri: noti chache, mtetemo mwingi, kitu kinachokwaruza. Ndiyo sauti iliyokwenda mbali kwa njia ya posta, kanda kwa kanda, hadi kwa vijana wa Ulaya ya kaskazini. Bila Jairo hakuna "Troops of Doom", na miaka ya karibuni ameunda bendi iliyochukua jina la wimbo huo. Rafiki yako hajakosea kumpenda.

Jairo aliondoka mwaka 1987, na nafasi yake ikachukuliwa na Andreas Kisser, kijana wa São Bernardo do Campo, mji wa viwanda vya magari pembezoni mwa São Paulo. Andreas alikuja na vitu ambavyo Belo Horizonte hawakuwa navyo. Alijua skeli. Alijua muziki wa gitaa la kawaida lisilo la umeme. Alijua kuupanga wimbo wa dakika sita au saba ukasimama wenyewe bila mwimbaji. Sikiliza "Inquisition Symphony" kwenye Schizophrenia, iliyotoka Oktoba 1987. Hauna neno hata moja. Miaka 11 baadaye Apocalyptica, Wafini wanaopiga sello, waliupiga wimbo huo na kuipa albamu yao jina lake. Na mwaka mmoja tu kabla ya Schizophrenia, Sepultura hawakutuni magitaa!

Kwa hiyo uamuzi wangu: Sepultura iliyovuka mpaka wa Brazil ni ya Andreas. Lakini ujuzi ule haukuufuta ukali wa Max na Igor, ulikuja juu yake. Ndiyo maana naiweka Schizophrenia mahali pa pekee. Unasikia mtu aliyesoma na watu wasiosoma wakivutana ndani ya nyimbo, hakuna aliyeshinda. Wewe mpiga solo, uisikilize kwa gitaa la rithimu kwanza. Mkono wa kulia wa Max ndio uti wa mgongo. Nimewaona wapiga solo wengi wakikimbilia juu ya shingo ya gitaa kabla mkono wa kulia haujajua kazi.

*Asalaam alaykum Shangazi. Mimi mzaliwa wa Unguja, nafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege hapa Muscat. Kuna mwenzangu kaniambia Max Cavalera alifika Marekani kwa tiketi ya wafanyakazi wa ndege. Sisi huku tunazijua tiketi hizo. Ndivyo ilivyokuwa?*
*Mtu wa mizigo, Muscat*

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Ndivyo. Rafiki yao alifanya kazi Pan Am, shirika la ndege la Marekani, na kwa mlango huo Max akapata tiketi ya kwenda New York. Alichobeba ni Schizophrenia. Alipita kwenye kampuni za kurekodi akiigawa, kijana wa miaka 18 hivi, Kiingereza cha kuokoteza, wa kumtambulisha hana. Iliyoitikia ni Roadrunner, kupitia Monte Conner aliyekuwa na kazi ya kutafuta bendi mpya. Waliwapa mkataba bila kuwahi kuwaona wakipiga jukwaani.

Ulaya nako wakati huo Schizophrenia ilikuwa imeshatangulia bila wao. Huko ilichapwa na kuuzwa bila wenyewe kulipwa. Kwa msanii hiyo ni dhuluma, silifichi hilo; lakini ni dhuluma iliyowafanya wajulikane, na walipoanza safari za nje walikuta watu wanajua nyimbo.

Sehemu ninayoipenda mimi ni iliyofuata. Roadrunner walikuwa na fedha kidogo tu kwa bendi ya Brazil isiyojulikana, haitoshi kuwapeleka Marekani kurekodi. Basi badala ya bendi kumfuata fundi, fundi akaifuata bendi. Scott Burns, wa studio ya Morrisound huko Tampa, Florida, alikubali malipo madogo kwa sababu alitaka kuiona Brazil. Desemba 1988 wakakutana Rio de Janeiro, studio ya Nas Nuvens, na kazi ikawa ya usiku, tangu jioni hadi alfajiri. Halafu Burns akabeba kanda, akaenda kuchanganya Tampa.

Mtu wa mitambo anasikia alichokifanya Burns tangu sekunde za mwanzo. Dramu kubwa ya chini ina mlio wa kugonga, mkavu, kila pigo linahesabika hata Igor akikimbia. Gitaa la kushoto na la kulia zimetenganishwa vizuri, katikati pakaachiwa sauti ya Max, bila ule mwangwi wa zamani. Igor ni yuleyule, Max ni yuleyule. Ila safari hii aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa mtu anayeuelewa muziki wao. Albamu ni Beneath the Remains, ilitoka Aprili 1989, na kwangu ni moja ya albamu tano bora za thrashi zilizowahi kutengenezwa popote. Mapema majira ya vuli ya Ulaya mwaka huo wakapanda ndege kwenda kuifungulia maonyesho bendi ya Sodom ya Ujerumani. Onyesho lao la kwanza nje ya Brazil lilikuwa Vienna, Austria.

Wewe unayepakia mizigo, nakuomba ukumbuke: katika mnyororo huu wote kuna mtu mmoja wa ndege asiyetajwa jina kwenye jalada, na bila yeye hakuna New York.

*Ni kweli Igor alijichora tatuu ya jalada ambalo hawakupewa?*
*Mchoraji, Kampala*

Kweli. Bendi ilitaka mchoro mmoja wa Michael Whelan, Mmarekani anayechora majalada ya vitabu, na Igor alishachorwa sehemu yake mwilini. Kampuni ikawapa mchoro mwingine wa Whelan huyohuyo, lile fuvu jekundu mnalolijua la Beneath the Remains, na ule wa kwanza ukaenda kwa Obituary, bendi ya Florida, kwenye Cause of Death ya 1990. Kwa macho yangu fuvu linaufaa muziki ule zaidi, ila mwili haukuwa wangu. Na kwa kuwa uko Kampala: kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya mjini kwenu ndiyo iliyotoa mwaka 2020 albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi. Yao si thrashi, ni kali zaidi na ina mashine nyingi, lakini itafute. Ni kazi ya jirani yako.

*Brazil yenyewe iliwakubali lini?*
*Msomaji, Kigoma*

Januari 1991. Tamasha la Rock in Rio lilirudi kwa mara ya pili, ndani ya uwanja wa Maracanã, na Sepultura wakapewa nafasi usiku wa metali, jukwaa moja na Megadeth, Judas Priest na Guns N' Roses. Walikuwa wametoka kurekodi Arise kwa Scott Burns, safari hii Tampa kwenyewe. Albamu haijawa tayari, lakini kwa ajili ya tamasha lile ilitolewa Brazil ikiwa na mchanganyo wa awali, kabla dunia nzima haijaipata mwaka huohuo. Nchi iliwapa Maracanã baada ya Ulaya kuwapigia makofi. Mtindo huu tunaujua hata kwetu, na haunifurahishi.

Mmoja wenu ameuliza aanze na ipi. Anza na Beneath the Remains, kisha rudi nyuma kwenye Schizophrenia, ndipo Morbid Visions. Max na Igor, ambao waliiacha Sepultura zamani, mmoja 1996 na mwingine 2006, walizirekodi upya zile kazi mbili za kwanza mwaka 2023, na Schizophrenia mwaka 2024, kwa vyombo vizuri na magitaa yaliyotuniwa. Zimepigwa vizuri, na ukizipata zisikilize. Lakini fedha yako ikiwa ni ya moja tu, nunua ya 1986.